Wenye kuuzisha vitabu mu Lubumbashi: kitabu gani wanapenda kumupatia mutu wa mine?

Ndugu watumishi, ba mama wa kambi, na ninyi vijana wenye kutembeza barua za kuomba kazi ku mine, leo hatusemi juu ya prime wala juu ya bus ya wafanyakazi. Leo tunasema juu ya watu wenye kuuzisha vitabu. Wengine watauliza: sendika inatafuta nini kule? Inatafuta kitu kimoja: ni nani anaweza kumusaidia mutumishi asome mbele ya kutia sinyatire.

Hawa watu wako mu Lubumbashi, wako mu Likasi, wako mu Kolwezi. Mumoja ana kaduka kadogo na rafu za mbao. Mwengine anatandika hema kando ya barabara, anapanga vitabu vya okazio mustari kwa mustari. Hawana patron, hawana mushahara wa mwisho wa mwezi, hawana daktari wa kampuni. Mutaji wao ni franga waliyoinyima tumbo. Mvua ikianguka ghafula, kazi ya mwezi muzima inalowa. Wakati wa kiangazi vumbi inaingia mu kila ukurasa. Mu Septemba, masomo yakianza, wanauzisha vitabu vya shule na wanapumua kidogo. Miezi ingine wanangoja wanunuzi, na kwa kungoja wanasoma. Njo siri yao: kitabu anakushauria, mara mingi yeye mwenyewe aliisha kukisoma.

Tuliwapitia tukawauliza ulizo moja: mutu wa mine akifika hapa na franga ya kitabu kimoja tu, utamupatia kipi? Majina yao hatuandike hapa. Wengi hawana karatasi ya mahali wanauzishia, na hatutaki kuwaletea shida.

Anakuuliza mbele ya kukupatia

Kitu cha kwanza tuliona ni kwamba mwenye kuuzisha vitabu muzuri hakuonyeshi kitabu mara moja. Anakuuliza mbele. Unatumika wapi? Uko mu kampuni yenyewe ao mu sous-traitance? Uko na watoto wangapi, na wako ku darasa gani? Mwanzo unawaza ni udadisi tu. Kiisha unaelewa kwamba anafanya sawa muganga mwenye akili: anatafuta ugonjwa mbele ya kupana dawa.

Mumoja alitucheka alipoona tunashangaa. Akasema: "Mutu akikuya hapa njo anasema anatafuta roman, pengine eko na shida ya kontra. Mutu akisema anatafuta Code, pengine anataka tu kitu ya kusoma usiku juu usingizi haifike. Batu habasemake shida yao mara moja."

Kitabu cha kwanza: Code du travail

Karibu wote walitaja kitabu hiki, na hatukushangaa. Sheria ya kazi ya inchi yetu ni namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, na ilibadilishwa na kukamilishwa tarehe 15 Julai 2016. Ni kitabu cha kuingia mu mufuko wa kombinezo. Lakini tuko na wandugu wenye kutumika miaka 10 chini ya shimo wasiokifungua hata siku moja.

Mwenye kuuzisha mumoja hakupotezi na kurasa zote. Anafungua mwenyewe ku article 40 anaweka kidole. Pale sheria inasema juu ya mutu anayeandikwa siku kwa siku, ile tunaita journalier. Akiisha kutumika siku 22 ndani ya miezi 2, na wakimuandika tena mbele ile miezi 2 haijaisha, mukataba mupya unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho. Ndugu, rudilia kusoma. Siku 22, si miaka 2. Ni wangapi kati yetu wanaingia ku mulango wa kampuni asubuhi na badge ya siku moja, mwaka unaisha, na bado wanaitwa ba journalier?

Mu ile Code kuko tena kwamba mukataba wenye tarehe ya mwisho hauwezi kupita miaka 2. Na pengine mu kitabu utakuta saa za kazi: zisipite 45 kwa juma na 9 kwa siku, na zenye kupita zinalipwa kama saa za kuongeza. Hakuna délégué anayeweza kubebea watu wote haya mambo mu kichwa. Lakini kitabu kimoja kwa kila équipe kinaweza.

Angalia mwaka ku ganda

Code minier njo inafwata. Hapa wenye kuuzisha walitupa shauri ambayo hatukuisikia mu semineri hata moja: angalia mwaka ku ganda la kitabu mbele ya kulipa. Sheria ya mine ni ya tarehe 11 Julai 2002, lakini ilibadilishwa sana tarehe 9 Machi 2018. Mu soko nakala za zamani zingali zinatembea, na bei yao ni ya chini. Mwenye kutafuta franga ya haraka atakuuzishia ya 2002 na kunyamaza. Mwenye kuheshimu kazi yake atakuambia: hii acha, haitakusaidia.

Tofauti ni kubwa. Redevance ni ile pesa kampuni inalipa juu ya madini inauzisha. Mu kitabu cha 2002 utasoma kwamba serikali ya Kinshasa inabeba 60%, province 25%, na pahali mine iko 15%. Mu kile cha 2018, Kinshasa inabakia na 50%, province 25%, commune, secteur ao chefferie 15%, na 10% inaingia mu mufuko wa vizazi vyenye kuya. Tena mu 2018 waliongeza kwamba kampuni inatosha 0,3% ya pesa yote iliyouzisha kwa mwaka, juu ya maendeleo ya watu wanaoishi kando ya mine. Mu nakala ya zamani hautakuta hata neno moja juu ya ile 0,3%.

Mama anayechota maji ya tope karibu na ukuta wa kampuni akienda ku mukutano na kitabu cha 2002, watamucheka. Akienda na cha 2018, watamujibu. Ule mwenye kumuonyesha mwaka ku ganda alifanya kazi ya sendika, hata kama hana karte yetu.

Vitabu juu ya baba zetu

Kiisha sheria, wakatushauria historia. Jina lililorudi mara mingi ni la profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kitabu chake cha 2001 kinaitwa « Bana Shaba abandonnés par leur père », maana yake watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Ndani yake mutakuta maisha ya jamaa za watumishi toka 1910 mpaka 1997: kambi, posho, shule, hospitali, na vile kampuni ilijifanya baba wa nyumba mpaka baba wa kweli akabakia bila sauti mbele ya watoto wake.

Union Minière ilizaliwa mu 1906. Mwanzo wa 1967 serikali iliikamata, na kiisha ikaitwa Gécamines. Wakati mushahara ulianza kukosa mu miaka ya 1990, haikuwa paka franga iliyopotea. Ni ule baba aliyetuacha. Miaka 2 nyuma ya kitabu kutoka, mu 2003, watumishi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka kwa ile njia iliyoitwa départ volontaire. Wenye kuuzisha wanasema wanaonunua kile kitabu ni watoto wa wale watu. Wanatafuta kujua juu ya nini baba aliketi mu lupango miaka yote bila kusema.

Ni mu historia kama hizi tena vijana wetu watasoma habari ya 9 Desemba 1941. Siku ile, mu Elisabethville, askari walipiga risasi watumishi wa Union Minière waliogoma juu ya mushahara, pale walikusanyika ku kiwanja cha mupira. Léonard Mpoyi, aliyesemea wenzake, aliuawa pale. Délégué asiyejua jina hili anatembea bila kujua nani alimufungulia njia.

Kitabu ambacho hawana

Mumoja alitushangaza. Alisema kitabu anachopenda kushauria kuliko vyote, hana ku meza. Kinaitwa « Vocabulaire ya ville de Elisabethville », cha 1965. André Yav, mutu aliyetumikia Wazungu mu manyumba yao, njo mwandishi. Alieleza historia ya muji wetu mu Swahili yetu wenyewe, si ile ya Zanzibari. Profesa Johannes Fabian, aliyefundisha zamani mu Lubumbashi, njo alikitoa mu 1990 kule Uholanzi, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Basi muone: historia ya Lubumbashi, iliyoandikwa na mutumishi wa Lubumbashi mu luga ya Lubumbashi, ni nyepesi kuikuta Amsterdam kuliko hapa kwetu. Maandiko yake yako ku intaneti bila kulipa, na ule ndugu anaonyesha vijana namna ya kuyatafuta na telefone. Hapati hata franga moja. Tulimuuliza juu ya nini anapoteza wakati wake. Alijibu: "Akisoma ile, atarudia hapa. Mutu mwenye kusoma kitabu yake mwenyewe anapataka njaa ya bingine."

Na wenye kutunga hadisi?

Usiwaze kwamba mutu wa mine ni wa sheria na historia tu. Mutu anarudi na poste ya usiku, kichwa kinalia machine, anataka kwenda pengine kidogo. Kwa ule, wanatosha romans za watoto wa kwetu.

Wa kwanza ni V.Y. Mudimbe. Alizaliwa Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville, tarehe 8 Desemba 1941, siku moja mbele ya risasi za Elisabethville. Alifundisha mu Lubumbashi, kiisha akaenda kuishi Marekani, na kule njo alikufa mu 2025. « Entre les eaux » ya 1973 inasema juu ya padri Pierre Landu anayeacha parokia kwenda kwa waasi, na pande zote mbili hazimupokei vizuri. Kwa watu wa Kolwezi wanashauria « Shaba deux » ya 1989, juu ya mama wa kanisa anayebakia mu muji wakati wa vita ya 1978. Wazee wa Kolwezi walioona ule mwezi wa Mei hawahitaji kuelezwa. Wajukuu wao njo wanahitaji.

Kwa vijana, ni Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mu 1981. « Tram 83 » ya 2014 iko mu bar moja ya muji wa mine usio na jina, pahali ba creuseur, wanafunzi, wageni wenye kutafuta madini na wanawake wa usiku wanakutana. Wenye kuuzisha wanaonya: lugha yake ni kali, si kitabu cha kuacha ku kitanda cha mutoto. Lakini wanasema mutu wa Kolwezi anakisoma akicheka, kiisha anaacha kucheka.

Kifaransa kisitufunge mulango

Karibu vitabu vyote hivi viko mu Kifaransa, na wengi kati yetu tuliacha shule mapema. Ni kweli. Lakini wenye kuuzisha walituonyesha namna wanunuzi wanafanya. Baba ananunua Code, binti wa sekondari anasoma kwa sauti jioni, anaeleza mu Swahili, na mama anauliza maulizo ambayo baba hakuwaza. Hivi kitabu kimoja kinafundisha watu watatu. Mutoto naye anajua sasa baba anatumika chini ya sheria gani.

Bei ni tatizo, hatufiche. Vitabu vya mupya vinatoka mbali na vinapanda bei njiani. Lakini tuko na likelemba juu ya viti, juu ya sufuria, juu ya matanga. Tufanye likelemba ya kitabu. Watu 10 wa équipe moja wakitosha kidogo kidogo ku mwisho wa mwezi, watapata Code du travail ya mupya, na délégué ataitunza mu sanduku pamoja na karatasi zingine. Mwezi unaofwata, Code minier. Mwezi wa tatu, roman moja, juu mutu haishi na sheria tu.

Mukienda, musikimbilie bei. Mumuambie mwenye kuuzisha kazi yenu na shida yenu, mumuache aulize. Muangalie mwaka ku ganda. Na kama kuko kati yenu mutu aliyeitwa wiki hii kutia sinyatire ku mukataba mupya, aombe karatasi alale nayo usiku mumoja, aiweke kando ya article 40, asome zote mbili. Sheria haimukatazi kusoma.