Fahamu: Kwa nini Chrome mpya inakataa simu yako

Mkazi wa Mutomo, Kitui Kusini, anayewasilisha ritani za KRA kwa simu kabla ya tarehe 30 Juni mara nyingi huhitaji kivinjari kama Chrome. Kikipitwa na wakati, baadhi ya kurasa hugoma kufunguka, na wezi wa mtandaoni hutumia mianya ambayo toleo jipya limeshaiziba.

Nini kimebadilika?
Tangu Agosti 2025, matoleo ya Chrome kuanzia la 139 yanahitaji Android 10 au zaidi. Simu za Android 8 na 9 ziliishia toleo la 138. Kompyuta za Windows 7 na 8.1 ziliachwa mapema zaidi, kwenye toleo la 109, mwaka 2023.

Ufanye nini?
Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, uone namba ya Android. Ikiwa ni 10 kwenda juu, ingia Play Store, tafuta Chrome, bonyeza Sasisha. Hakikisha simu ina nafasi. Bando likiwa dogo, subiri Wi-Fi. Kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu zilizo juu kulia, nenda Usaidizi, kisha Kuhusu Google Chrome. Upakuaji ukiisha, funga kivinjari ukifungue upya.

Na simu ya zamani?
Chrome iliyomo itaendelea kufanya kazi, ila bila marekebisho ya usalama. Shughuli za benki na eCitizen zifanyie kwenye kifaa kipya zaidi. Ukitumia saiba, ondoka kwenye akaunti yako kabla ya kuinuka.

Usipakue kivinjari kutoka kwa kiungo ulichotumiwa WhatsApp, hata kama aliyekutumia unamfahamu.