Postikadi ya Zamani Isikatwe



Siku moja tulikuwa darasani hapa Kisesa tukifundisha kazi za mikono. Mama mmoja akaleta kadi ngumu aliyoikuta katika sanduku la marehemu babu yake. Ilikuwa na picha ya watu wamesimama kando ya ziwa, karibu na mtumbwi. Tukaipenda. Tukaikata kwa mkasi, tukaibandika kwa uji wa unga juu ya kisanduku. Kikapendeza kweli! Lakini masika yalipokwisha, kumbe mende wamekula unga pamoja na picha. Nyuma ya kadi palikuwa na maandishi, nasi hatukuyasoma. Mpaka leo hatujui wale walikuwa nani. Kosa lilikuwa letu walimu.

Basi leo tujifunze.

Postikadi ni nini?

Ni kadi inayotumwa posta bila bahasha. Upande mmoja una picha. Upande wa pili una anwani, stempu na maneno machache. Ilianza Ulaya, huko Austria-Hungaria, mwaka 1869. Wakati ule haikuwa na picha.

Wajerumani walipotawala nchi yetu, walituma kwao postikadi zenye picha za huku. Ndiyo maana nyingi ziko Ulaya, na watu huzinunua kwa kuzikusanya. Kwetu zimebaki chache, ndani ya masanduku ya wazee.

Tutajuaje umri wake?

Hapa kisomo kinatusaidia. Tugeuze kadi, tusome.

1. Ikiandikwa "Deutsch-Ostafrika" au "Muansa", ni ya enzi ya Mjerumani. Muansa ni Mwanza, kwa maandishi yao. Waingereza waliuteka mji huo mwaka 1916.

2. Stempu ikiandikwa "Kenya, Uganda, Tanganyika" kwa pamoja, kadi ilitumwa mwaka 1935 au baadaye.

3. Mhuri wa posta unaonyesha siku ya kutumwa kadi. Hauonyeshi siku ya kupiga picha.

Lakini kuna jambo ambalo kadi nyingi hazisemi, nalo ni jina la mtu. Waliandika kabila tu, au neno "wenyeji". Majina hayo wanayajua wazee wetu, na wazee wanatuaga kila mwaka. Kwa hiyo mpelekee mzee picha. Msalimu, kaa naye, kisha muulize: Huyu ni nani? Hapa ni wapi? Walikuwa wakifanya nini? Majibu yaandike katika daftari. Usiandike juu ya kadi kwa kalamu ya wino.

Tuitumieje katika kazi za mikono?

Tumia nakala, kadi yenyewe iache nzima. Peleka kadi kwenye duka la fotokopi, kisha uirudishe nyumbani siku hiyo hiyo. Nakala unaweza kuibandika kwa gundi juu ya kisanduku au jalada la daftari.

Je, unashona vitambaa vya meza? Tandaza kitambaa. Juu yake weka karatasi ya kaboni, halafu nakala. Fuatisha mistari ya picha kwa kalamu. Ukiondoa karatasi, mchoro umebaki kwenye kitambaa. Sasa shona kwa nyuzi za rangi. Ukikosea, nakala nyingine ipo.

Kadi yenyewe itie ndani ya bahasha safi, kisha ndani ya kopo lenye mfuniko. Weka mahali pakavu, mbali na jiko na jua.

Na akija mtu anataka kununua, usiharakie fedha. Piga nakala kwanza, pande zote mbili, na uulize wenzako wa ukoo. Sisi tuna jirani mwema, Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, wanaotunza vitu vya kale. Tunaweza kuwaomba ushauri.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tunakata nakala, hatukati kadi?
2. Nyumbani kwako kuna picha gani ya zamani?
3. Ni mzee gani anayewajua watu waliomo? Utamwendea lini?