Gari Likiinama Nyuma: Tafuta Tundu Kabla ya Kununua Pampu

Wakulima wengi wa nchi yetu waliopata faida ya maziwa, chai au parachichi wamenunua magari makubwa ya fahari. Wala si vibaya, maana mtu aliyefanya kazi kwa bidii anastahili kupanda gari zuri. Lakini magari ya namna hii yana mambo yake, na mwenyewe asipoyajua, faida ya shamba huishia gerejini. Mwezi huu twataka kueleza jambo moja linalowasumbua wengi, yaani gari kuinama upande wa nyuma.

Mkulima mmoja wa upande wetu alikuja ofisini kuuliza habari za mbegu za majani ya ng'ombe. Tulipomaliza shauri hilo akanieleza taabu ya gari lake. Kila asubuhi alilikuta limelala nyuma kama ng'ombe mgonjwa. Fundi akamwambia kwamba pampu ya hewa imekufa. Akauza mtamba, akanunua pampu. Gari likasimama vizuri, lakini kabla ya mvua za masika kwisha, pampu mpya nayo ikafa. Sasa alikuwa tayari kuuza mtamba wa pili.

Mimi si fundi. Nilifundishwa ualimu, na kazi yangu ni kuandika vitabu vya ofisi ya kilimo. Lakini mwalimu hufundishwa kuuliza sababu. Nikamwomba angoje kidogo, twende tukalitazame gari pamoja na fundi mwingine, tukiwa na maji na sabuni tu. Tuliona ufa katika mfuko wa kushoto, mdogo kama punje ya mchele. Ufa huo ndio ulioua pampu mbili.

MIFUKO YA HEWA NI NINI?

Magari mengi hubebwa na springi za chuma. Baadhi ya magari ya fahari hayana springi hizo, bali yana mifuko ya mpira mgumu iliyojazwa hewa. Range Rover ilianza kuuzwa na mifuko hiyo mwaka 1992, kwa magurudumu yote manne. Toyota Land Cruiser Prado ya daraja la TZ-G, katika muundo ulioanza mwaka 2009, ina springi za chuma mbele na mifuko ya hewa nyuma tu. Prado nyingine nyingi zina springi za chuma pande zote. Basi chungulia nyuma ya gurudumu la nyuma. Ukiona mfuko mweusi wa mpira mahali pa springi, maneno haya yanakuhusu.

Mifuko haifanyi kazi peke yake. Kuna pampu inayoendeshwa kwa umeme, na karibu nayo chombo cha kukausha hewa ili maji yasiingie ndani. Kuna paipu nyembamba, na vali zinazofungua na kufunga njia ya hewa. Kuna sensa za kimo, ambazo hupima jinsi bodi ilivyo juu ya ekseli. Na kuna kompyuta ndogo inayotoa amri.

Tuseme umepakia mikebe 6 ya maziwa, kila mmoja wa lita 50. Umeongeza zaidi ya kilo 300. Nyuma ya gari hushuka, sensa huona, kompyuta huamuru pampu, hewa huingia, na gari hurudi kimo chake. Ukishusha mikebe, vali hufunguka na hewa iliyozidi hutoka. Hii ndiyo sababu gari hili hukaa sawa hata likiwa na mzigo, wakati gari la springi za kawaida huinama.

KWA NINI PAMPU HUFA?

Pampu hii imetengenezwa kufanya kazi kwa muda mfupi, kisha ipumzike. Mfuko ukivuja, kazi yake haina mwisho. Inajaza, hewa inatoka, inajaza tena. Hupata joto, sehemu zake za ndani huchakaa, na chombo cha kukausha hewa hushindwa na unyevu. Mwisho hufa. Fundi asiye na subira hukuta pampu iliyokufa, akaibadilisha, akauacha mfuko unaovuja mahali pake. Ni kama kumtuma mtoto mtoni na mtungi uliotoboka, kisha kumpiga kwa sababu nyumbani hakuna maji.

JINSI YA KUTAFUTA SABABU

Fanya mambo haya kwa utaratibu, usiruke hata moja.

1. Pima jioni na asubuhi. Liweke gari mahali palipo sawa, bila mzigo. Chukua futi ya kupimia, upime toka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Pima kushoto na kulia, uandike. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango au kuwasha injini, pima tena.

Kama upande mmoja umeshuka sana, mfuko wa upande huo unavuja, au paipu yake, au vali yake. Kama pande zote mbili zimeshuka sana, huenda mifuko yote imezeeka pamoja. Kama zimeshuka kidogo tu, sawa kwa sawa, baada ya usiku wa baridi, usihangaike, maana hewa ikipoa hupungua.

2. Tumia povu la sabuni. Washa injini, gari liinuke, kisha zima. Chukua bomba la mkono la kunyunyizia, lililo safi kabisa bila dawa ya shamba, utie maji ya sabuni. Simama kando ya gari unyunyize kwenye mfuko, hasa pale chini mpira unapojikunja, kisha kwenye maungio ya paipu. Mahali penye mapovu yanayokua ndipo penye tundu. Ni kama vile tunavyotafuta tundu la mpira wa baiskeli katika karai la maji.

3. Sikiliza pampu. Kama gari limeshuka, ukawasha injini na usisikie mngurumo wowote, mwambie fundi aanze na vitu vya bei ndogo, yaani fyuzi, rilei na nyaya zilizoliwa na kutu. Kama pampu yanguruma lakini gari haliinuki, imechoka, au kuna paipu iliyokatika. Kama yanguruma mara kwa mara safarini na mzigo haukubadilika, rudi kwenye sabuni. Kuna tundu.

4. Tazama sensa. Kama gari halishuki usiku, bali husimama limepinda, au hukaa juu mno au chini mno siku zote, huenda sensa inasema uongo. Kila sensa ina kijiti kinachoiunganisha na sehemu za chini. Kijiti hicho huvunjika kwa mawe au hukwama kwa kutu na matope. Kompyuta huamini inayoambiwa. Ikidanganywa, hutoa amri mbaya.

5. Tofautisha kuinama na kugonga. Gari likisimama kimo chake, lakini likirukaruka baada ya kila shimo, tazama shokabsoba. Likigonga "ko-ko-ko" barabarani, tazama bushi za mpira za vyuma vinavyoshika ekseli. Hayo ni magonjwa mengine, na pampu mpya haitayaponya.

Taa ya onyo ikiwaka, mwombe fundi asome kompyuta kwa mashine yake. Lakini kumbuka kwamba mashine husema ni wapi kompyuta ilipoona taabu. Haioni ufa wa mpira. Mara nyingi itasema pampu imefanya kazi kupita kiasi. Hiyo ni dalili, siyo sababu.

HATARI

Gari linalobebwa na hewa laweza kushuka ghafula. Usilale chini yake, wala usiingize kichwa au mkono kati ya tairi na bodi, hata kama limesimama vizuri. Kabla ya kuliinua kwa jeki au kulivuta likikwama matopeni, zima kazi ya mifuko kwa kifungo chake, kama kitabu cha gari kinavyoeleza. Fundi anayeingia chini ni lazima aweke vyuma imara vya kusimamishia chini ya chesisi. Jeki peke yake haitoshi. Watoto wasicheze karibu.

UKISHAPATA SABABU

Mfuko uliopasuka hautiwi kiraka. Nunua mpya, na ikiwezekana badilisha yote miwili, kwa sababu ilizaliwa siku moja na imepita njia moja. Baada ya hapo ndipo upime kama pampu bado ina nguvu. Mara nyingine utaona ingali nzuri, nawe umeokoa fedha nyingi.

Watu wengine huondoa mifuko na kuweka springi za chuma. Shauri hili si baya kwa mtu anayepita barabara mbaya kila siku, kwa kuwa springi hazivuji na mafundi wengi wanazijua. Lakini fahamu unachopoteza. Gari halitajiinua tena likipakiwa, na taa ya onyo huweza kubaki ikiwaka mpaka kompyuta ishughulikiwe. Tena springi zichaguliwe kwa uzito unaobeba. Zikiwa laini mno gari litainama, zikiwa ngumu mno litakurusha kama mkokoteni.

Kwa wanaotaka kununua, sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Lakini mpira wa miaka 7 tayari ni mpira mzee. Kwa hiyo usikubali kuliona gari kwa nusu saa tu. Omba kulitazama jioni, kisha urudi asubuhi kabla halijawashwa. Muuzaji mwema hatakataa.

Na ukishakuwa nalo, osha matope yaliyojikunja na mifuko, usipakie kupita uzito ulioandikwa kwenye kitabu, na upime kimo mara moja kila mwezi. Kazi hiyo haizidi dakika 5.

Yule mkulima alibadilisha mifuko miwili, akaweka pampu moja tu, na mtamba wake wa pili bado yuko zizini. Wahenga walisema kweli kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi, ndugu mkulima, gari lako likiinama, kabla ya kutia mkono mfukoni, chota maji, koroga sabuni, utafute ufa.