Gallaudet na Siri ya Duara
Jumamosi hii timu ya Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi mjini Washington, itacheza mechi ya ligi ya vyuo vidogo vya Marekani, katika ule mpira wa kubebwa mikononi. Miaka ya 1890, Paul Hubbard, mpanga mashambulizi wa chuo hicho, alihofu kwamba wapinzani waliokuwa viziwi pia wangezisoma ishara zake. Akawakusanya wenzake katika duara, desturi ambayo leo ni ya mchezo mzima. Wanaodhani lugha ya ishara ni kupungapunga mikono tu, na watuambie kwa nini ililazimu kufichwa. Wapinzani wa Jumamosi wanasikia; kelele za mashabiki zitawatatiza wao, si Gallaudet. Mimi nawapa Gallaudet ushindi, ila wapinzani wawe wameajiri mkalimani.