Jicho Lililoondolewa Mtoto wa Jicho: Je, Litalenga Tena Karibu na Mbali? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia pale mgonjwa anapofunguliwa bendeji na kukuta ukungu umeondoka. Anawatambua watu walio ng'ambo ya barabara. Mpe gazeti sasa, herufi hazisomeki, naye hudhani daktari amekosea. Daktari hakukosea. Lenzi bandia aliyowekewa badala ya ile iliyoingia ukungu, kama ile ya kwanza aliyoiweka daktari Harold Ridley kule London mwaka 1949, inalenga umbali mmoja tu.

Lenzi tunayozaliwa nayo ni laini. Imo ndani ya kifuko chembamba kinachoshikiliwa na nyuzi, na nyuzi hizo zimeungana na msuli wa mviringo. Tukitazama kitu cha karibu, msuli hujikaza, nyuzi hulegea, nayo lenzi hutuna na kupinda mwanga zaidi. Hivyo ndivyo Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Kijerumani, alivyoeleza mwaka 1855, na maelezo yake ndiyo yanayokubalika zaidi hadi leo. Kusoma kitabu kilicho umbali wa sentimita 40 kunahitaji diopta 2.5 za nyongeza (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Mtoto wa miaka 10 anazo zaidi ya 10. Mtu wa miaka 50 kwa kawaida hafikishi hata hizo 2.5, maana lenzi yake imekwisha kukakamaa.

Lakini msuli bado unafanya kazi, hata kwa wazee! Hapo ndipo yalipo matumaini yote ya watafiti wanaotafuta lenzi bandia inayoweza kulenga karibu na mbali: nguvu ipo, inakosa kitu laini cha kusukuma.

Mwaka 1964 mtafiti Julius Kessler alijaribu kwa sungura njia iliyo nyoofu kuliko zote: aliitoa lenzi, akakiacha kifuko, akakijaza upya. Wengine wamebuni lenzi yenye bawaba, iitwayo Crystalens, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003. Faida yake ya kulenga imeonekana kuwa ndogo. Iliyonivutia zaidi ni FluidVision, ambayo mikono yake imejaa mafuta ya silikoni. Kifuko kikiibana mikono hiyo, mafuta huhamia katikati na lenzi hutuna.

Adui wa lenzi hizi zote ni kifuko chenyewe. Baada ya upasuaji, chembe hai zilizosalia ndani yake huzaliana, zikakitia ukungu na kukifanya kigumu. Ukungu huo hupasuliwa kwa leza kwa dakika chache, lakini ulaini uliopotea haurudishwi. Kwa maoni yangu, atakayeweza kuzizuia chembe hizo atakuwa ameisogeza kazi hii mbele kuliko mbunifu yeyote wa lenzi. Wapo wanaokikwepa kifuko kabisa, wakiweka mbele yake lenzi mbili zinazoteleza moja juu ya nyingine, zikisukumwa na msuli moja kwa moja.

Kwa sasa mgonjwa ana haki ya kuambiwa, kabla hajalala kitandani, kwamba huenda akahitaji miwani ya kusomea. Anaweza pia kuomba jicho moja lipangwe kwa mbali na la pili kwa karibu, au kuwekewa lenzi zinazogawa mwanga. Hizo, na sababu ya baadhi ya madereva wa usiku kuzilalamikia, tutazieleza juma lijalo.