Edinburgh: Mji Unaoishi kwa Kusimulia Mambo Yake ya Kale

Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, umejengwa juu ya vilima, na katikati yake lipo jabali kubwa jeusi ambalo zamani sana lilikuwa kiini cha volkano. Juu ya jabali hilo imesimama ngome iliyogombaniwa na wafalme kwa karne nyingi. Siku hizi hakuna jeshi liishambuliayo ila jeshi la watalii, zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na jeshi hilo huingia kwa kulipa kiingilio mlangoni.

Ndani ya ngome mna kanisa dogo la Mtakatifu Margaret, lililojengwa yapata mwaka 1130, nalo ndilo jengo la kale kuliko yote mjini. Upo pia mzinga mkubwa uitwao Mons Meg, ambao Mfalme James wa Pili alipewa zawadi mwaka 1457. Mzinga mwingine, wa siku hizi, hupigwa saa saba kamili ya mchana kila siku, isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi. Desturi hiyo ilianza mwaka 1861, ili manahodha wa meli karibu na bandari ya Leith wapate kusahihisha saa zao. Meli hazina haja nayo tena, lakini wageni hukusanyika kuusikiliza, na yule asiyeonywa hushtuka.

Kazi ya kiongozi

Kutoka ngomeni njia iitwayo Royal Mile hushuka mpaka jumba la kifalme la Holyroodhouse. Pande zote mbili mna vichochoro vyembamba ambamo zamani matajiri na maskini waliishi katika nyumba zile zile ndefu, ghorofa juu ya ghorofa. Mgeni apitaye peke yake huona mawe tu. Afuataye kiongozi husikia habari za watu walioishi kati ya mawe hayo.

Viongozi hawa ni wa namna nyingi. Wapo waliosomea kazi hiyo na kufaulu mitihani, nao huvaa beji ya buluu. Wapo wengine wasiotaja ada, bali mwisho wa matembezi hupokea kile ambacho wageni wapenda kuwapa. Si vigumu kuona jaribu lililomo, kwa kuwa hadithi ya mizimu huenda ikajaza mfuko upesi kuliko habari ya kweli.

Mfano wake ni kichochoro cha Mary King. Mary King alikuwa mjane aliyefanya biashara ya vitambaa katika miaka ya 1630. Tauni iliushika mji mwaka 1645, na kwa muda mrefu watu walisimulia kwamba wagonjwa wa kichochoro hicho walijengewa ukuta wakaachwa wafe humo. Jambo hilo si kweli. Wagonjwa walipelekewa chakula, na wengi walihamishiwa nje ya mji. Kichochoro kilifunikwa zaidi ya miaka 100 baadaye, jengo kubwa la wafanya biashara lilipoanza kujengwa mwaka 1753. Nyumba zilikatwa sehemu za juu, na vyumba vya chini vikawa msingi. Tangu mwaka 2003 wageni huongozwa humo chini, nao hufundishwa tofauti ya uvumi na kweli. Hata hivyo hawapungui.

Nguzo ya Dundas

Mwafrika naye ana sehemu katika habari za Edinburgh. Julius Nyerere alisoma katika chuo kikuu cha mji huo tangu mwaka 1949 hadi 1952. Lakini ipo sehemu nyingine iliyo chungu. Katika mtaa mpya, ulioanza kujengwa mwaka 1767, imesimama nguzo ndefu yenye sanamu ya Henry Dundas. Mwaka 1792 Bunge lilipojadili kukomesha biashara ya watumwa, Dundas alitia neno kwamba ikomeshwe pole pole. Biashara hiyo haikupigwa marufuku hata mwaka 1807.

Mwaka 2021 baraza la mji liliweka kibao chini ya nguzo, kuwakumbuka Waafrika zaidi ya nusu milioni waliotiwa utumwani kwa sababu ya ucheleweshaji huo. Wapo wasiokubali hukumu hiyo, wakisema kwamba Bunge la wakati ule lisingekubali kukomesha upesi. Kibao kiling'olewa na wapinzani mwaka 2023, nalo baraza likakirudisha mwaka 2024. Hivyo kiongozi asimamapo hapo na wageni wake hana budi kueleza maneno ya pande zote mbili.

Wageni huleta fedha, lakini pia huleta msongamano na kupandisha kodi za nyumba. Kwa hiyo Januari 2025 baraza la mji lilikubali kutoza wageni 5 kwa mia ya malipo ya vyumba vyao, fedha hizo zitumike kwa manufaa ya mji.

Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Mji uuzao uvumi humpata mgeni mara moja, naye akigundua hadaa harudi. Lakini mji uonyeshao fahari yake pamoja na aibu yake humpa mgeni sababu ya kurudi na kuleta wenzake. Popote penye ngome ya kale, kaburi la mzee au mti wa historia, wenyeji wanaweza kuanza kazi kama hiyo kwa kuwauliza wazee na kuandika majibu yao kwa uaminifu kabla hawajafariki.