Taaluma ya Makabila Katika Chuo Kikuu: Mfano wa Butali

Makala hii inakusudia kueleza maana ya kusomea shahada ya taaluma ya makabila, na kuonyesha kwamba msingi wake hauna budi kuwa lugha.

Kama shahada inayojitegemea, taaluma hii ilipata umbo lake Marekani. Kufuatia mgomo wa wanafunzi ulioanza Novemba 1968, chuo cha San Francisco State kilifungua kitivo chake mwaka 1969, ili historia ya jamii zilizobaguliwa isomwe kwa mtazamo wa jamii hizo zenyewe. Katika Afrika ya Mashariki swali lilikuwa jingine. Mwaka huohuo wa 1968, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walipendekeza Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe, na fasihi ya Kiafrika, ikiwemo simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Tangu hapo habari za makabila zimesomwa zaidi ndani ya historia, isimu, fasihi na anthropolojia.

Tuchukue mfano wa Butali, katika nchi ya miwa iliyo kando ya barabara ya Kakamega na Webuye. Mwenyeji wa hapo, akiulizwa kabila lake, aweza kujibu kuwa ni Mkabarasi. Akiwa Nairobi atajibu kuwa ni Mluhya. Majibu yote mawili ni kweli, lakini hayana umri mmoja. Jina la Waluhya, kama jina la jamii zote hizo kwa pamoja, lilienea katika miaka ya 1930 na 1940. Wakati huo ndipo ilipoundwa kamati ya kusanifisha lugha moja ya maandishi, na mmishonari Lee Appleby akaifanyia kazi kubwa. Hata hivyo, wasemaji wa Lulogooli, waliokwisha kuzoea maandishi yao wenyewe, hawakuikubali. Jina lilishika, lugha sanifu haikushika.

Jirani na Wakabarasi wapo Watachoni. Mapokeo yanawahusisha na Wakalenjin, ilhali lugha yao leo ni ya Kibantu, ya jamii ya Kiluhya. Basi asili, lugha na jina ni mambo matatu yanayoweza kuachana njiani. Asemaye kwamba kabila ni damu hana la kusema juu ya Watachoni; asemaye kwamba kabila ni uzushi wa wakoloni tu hawezi kueleza Lukabarasi linalosemwa nyumbani.

Hapa ndipo faida ya shahada hii inapoonekana, na hatari yake pia. Kenya ilishuhudia katika ghasia za 2007 na 2008 jinsi jina la kabila linavyoweza kugeuzwa silaha. Shahada inayomfundisha kila mwanafunzi kulisifu kabila lake itazidisha balaa hilo. Inayomfundisha kuchunguza jina hilo lilizaliwa lini, na nani, na kwa haja gani, itampunguzia mchochezi wasikilizaji.

Kwa hiyo yafaa kila mwanafunzi wa taaluma hii ajifunze lugha moja ya jirani asiye wa kabila lake, akusanye masimulizi kwa lugha hiyo, kisha ayalinganishe na ya kwao. Mkabarasi aanze kwa Mtachoni. Hana haja ya kwenda mbali.